Usiku Profesa alipomvika punda koti

Mpenzi msomaji, kama uliwahi kuwa kijana mwenye pesa kidogo mfukoni na marafiki watatu wenye kiu, kisa hiki hakitakushangaza. Kilitupata mwaka 2011 huku Ongata Rongai, mji ambao watu wa Nairobi hupenda kuufanyia mzaha kwamba uko mbali mno.

Siku hizo sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile iliyoitwa "sheria ya Mututho", ilikuwa ingali mpya. Siku za kazi, baa zilitakiwa kufunguliwa saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku. Waliotunga sheria walitaka tunywe kidogo. Sisi tulijifunza kunywa haraka. Ilipogonga saa nne na nusu, kila mmoja wetu aliagiza chupa tatu kwa mpigo.

Saa tano tukatolewa nje. Tulikuwa tukienda kulala kwa Profesa, jina tulilompa kwa sababu hakukuwa na jambo ambalo hakulijua. Alikuwa amekodi chumba kando ya barabara ya Maasai Lodge, upande ambao Mto Mbagathi umepakana na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Stima zilikuwa zimepotea. Tuliimba njia nzima ili tujipe moyo.

Ghafla macho mawili yakang'aa mbele yetu.

"Fisi!"

Mmoja wetu alitimua mbio akaacha viatu vyake matopeni. Mimi niliukumbatia mlingoti wa stima, nikajaribu kuupanda, nikateleza. Profesa alipiga magoti, akamwahidi Mungu kwa sauti kubwa kwamba akiokolewa usiku huo hataonja pombe tena maishani. Kisha akavua koti akamrushia mnyama yule, ili ashughulike nalo nasi tupate kutoroka.

Mnyama akalia. Alikuwa punda wa muuza maji.

Tulicheka hadi tukaketi chini. Kicheko kilikatika tulipofika mlangoni, maana ufunguo ulikuwa ndani ya koti. Tulilala barazani tumebanana kama viazi guniani. Kulipopambazuka, punda akapita akikokota mkokoteni wa mitungi, koti la Profesa likiwa mgongoni. Mwenye punda alidai shilingi hamsini za "ulinzi" kabla ya kulitoa.

Tumekisimulia kisa hiki miaka nenda miaka rudi. Hata Februari 2024, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Multimedia aliposhambuliwa na fisi wa kweli kando ya Barabara ya Magadi, tulipigiana simu kwanza kumkumbuka punda wetu, ndipo tukatambua tulivyobahatika.

Desemba iliyopita tulikutana nyumbani kwa Profesa, tukakisimulia tena. Mwanawe wa miaka tisa alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akauliza:

"Baba, ulipomwahidi Mungu, ulikunywa tena lini?"

Jibu tulilijua sote. Alikunywa jioni iliyofuata, na sisi ndio tuliomnunulia. Profesa aliinamia kikombe chake. Chupa imemfukuzisha kazi mara mbili. Mkewe, ambaye ndiye humfungulia mlango usiku wa manane, aliinuka akaanza kukusanya vikombe vilivyokuwa bado na chai.

Sisi watatu tuliacha, au tulipunguza, tukabaki na vichekesho. Mwenzetu alibaki na kiu, nasi kila mwaka tukamfanya aicheke.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwake peke yangu, mikono mitupu.

"Umekuja kucheka?" akaniuliza.

"La, ndugu yangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Tuliketi hadi jioni. Hakuniahidi lolote, nami sikumdai ahadi. Lakini tangu siku hiyo humpitia kila Jumamosi.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Msomaji, katika kundi lenu la zamani, ni nani mnayemcheka zaidi? Mara ya mwisho ulimuuliza lini hali yake?