Daftari la Mito

Miaka karibu arobaini ya kuandika taarifa za robo mwaka imemharibu: hawezi tena kuandika "mimi". Mganga mfawidhi anaomba, mganga mfawidhi anapendekeza. Basi kumbukumbu hizi nazo ni za "yeye", msomaji avumilie.

Alizaliwa Kimamba, mtoto wa mkata mkonge. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipovuma redioni, ndiye aliyewasomea wazee kijitabu chini ya mwembe, kisha akachimba nao vyoo. Shule, chuo cha waganga wasaidizi wa vijijini, zahanati ya kwanza kusini mwa Kilosa. Hayo yatosha.

Yasiyotosha ni ya Mama. Hakuwa mamaye, alikuwa muuguzi mkunga wa zahanati ile, na kijiji kizima kilimwita hivyo. Alifariki mwaka jana. Daftari lake la wajawazito lilikuwa na safu moja ambayo wizara haikuichora: mto. Mbele ya jina la kila mwanamke aliandika atavuka maji gani, na mwezi gani hayavukiki. Aliyetarajia kujifungua Machi au Aprili aliambiwa mapema ahamie kwa shangazi upande wa zahanati.

"Mwanangu," alimwambia yule mganga mgeni aliyeshangaa, "mimba ina tarehe, na mto una tarehe. Zikikutana, tunazika."

Ugomvi ulikuja mwaka 2007, serikali ilipotangaza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Wananchi wafyatue matofali na kusomba mchanga, serikali imalizie. Fedha hazitoshi kuanza kote, sasa tuanze wapi? Mwenzake mmoja (naye kastaafu, salamu zimfikie) alikuja kikaoni na ramani na bikari. Akazungushia kila zahanati duara la kilomita 5. Uliyeangukia ndani, umeshahudumiwa. Kijiji kimoja cha ng'ambo ya mto kikaangukia ndani, kikafutwa kwenye orodha.

Yeye akasimama, akaeleza habari za daftari. Wajumbe wakatabasamu, kama watu wanaomsikiliza babu. Bikari ikashinda. Wanakijiji walikuwa wamekwisha kupandisha kuta. Boma lile halijapata bati hadi leo, na mbuzi hulala mle wanapotaka.

Desemba 2009 mto Mkondoa ukafurika. Reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe, maelfu wakahamia kwenye mahema. Yeye alisimama ukingoni na sanduku la dawa kichwani, akiwaona watu wa upande wa pili, wakimpungia mkono. Walikuwa ndani ya duara. Siku ile hakumwambia mtu neno, sasa analisema.

Kusini zaidi kuna kisa kingine cha ramani na njia. Mgonjwa wa Vidunda huteremshwa mlima hadi Kidodi, na kutoka pale miguu na magari yote huelekea Mikumi, kwenye hospitali ya Mtakatifu Kizito. Kwake Kilosa mjini ni mahali pa kesi na hati. Akipewa rufaa ya Morogoro, ambulensi yake hukata hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, usiku, katikati ya tembo. Mipaka ya wilaya hainyoshi njia.

Vijana wa leo wana vishkwambi, wana m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito: unapiga 115, na ambulensi isipopatikana, dereva wa jirani huja na gari lake na hulipwa. Ni jambo jema, analisifu bila kinyongo. Lakini kishkwambi chenu kinapima mstari, hakipimi mguu! Nendeni kijijini mwezi wa nne, si wa nane barabara ikiwa kavu na mwenyekiti kachinja kuku. Ongozaneni na mwanamke mwenye mimba ya miezi minane. Tazameni saa anapoondoka, tazameni anapofika. Na msiwahesabu waliopo kwenye benchi la zahanati tu. Ulizeni nani alitoka nyumbani asifike.

Mama alifariki Aprili. Wanawake wa ng'ambo walipata habari siku ileile, kwa simu. Walifika siku ya tatu, tanga likiondolewa, kanga zimelowa hadi kifuani.