Kwenda Serengeti Mwishoni mwa Masika: Shauri kwa Wazazi na Walimu



Kila mwaka, mvua za masika zikaribiapo kukoma, wazazi na walimu huanza kuulizana juu ya likizo ya Juni: watoto wapelekwe wapi, na fedha iliyopo itatosha nini? Wako wataokwenda kwa babu na bibi, na wako wataokwenda pwani. Nao wako wanaotamani kuwaonyesha watoto wao wanyama wa Serengeti na bonde la Ngorongoro. Hawa ndio tunaowaandikia leo. Maana safari hiyo ni ya gharama, na kwa nyumba nyingi itakuwa moja tu katika utoto wa watoto wao. Basi yapasa ipangwe kwa akili, wala isipangwe kwa kusikia tu kwamba Julai ndio mwezi wa wanyama.

Ni kweli kwamba Julai huvuta watu. Tangu mwezi huo hata Oktoba makundi ya nyumbu huwa kaskazini, nao huvuka mto Mara. Wageni wa Ulaya na Marekani huja kwa wingi, kwa kuwa ndiyo likizo yao, na nchi yetu wakati huo ni kavu. Ndipo bei za hoteli na kambi hupanda, na vitanda vyaweza kuwa vimekwisha kushikwa miezi mingi mbele. Ukingoni mwa mto motokaa hupangana kwa makumi, na mara nyingine huwazibia wanyama njia yao ya kushukia majini. Mtoto aliyetoka Singida au Shinyanga kuja kuona nyumbu atarudi nyumbani akiwa ameona migongo ya motokaa.

Neno letu ni hili: kwa mtu wa nchi hii mwenye fedha ya kiasi na watoto wa shule, wakati ufaao ni ule mwanya ulio kati ya mwisho wa masika na ujio wa wageni wengi, yaani tangu siku za mwisho za Mei hata Juni inapokaribia kwisha. Nazo shule zetu kwa kawaida hufungwa mwanzoni mwa Juni. Wakati umekuja wenyewe mlangoni, imebaki kuutumia.

Ili tuelewe sababu, kwanza tuijue nchi yenyewe. Jina la Serengeti limetoka katika lugha ya Kimasai, na maana yake ni nchi iendeleayo pasipo mwisho. Hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1951, na eneo lake ni kilometa za mraba 14,763. Upande wa kusini-mashariki imepakana na Ngorongoro, iliyotengwa mwaka 1959 na kuwekewa mamlaka yake yenyewe, ili wafugaji na wanyama wakae katika nchi moja. Mpaka huo umewekwa na watu, wanyama hawaujui. Nyumbu zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia kwa malaki na swala wasiohesabika upesi, huzunguka humo mwaka mzima wakifuata mvua na majani.

Uwanda wa kusini, karibu na Ndutu, una udongo wa majivu yaliyotupwa zamani na milima ya moto, kama Ol Doinyo Lengai. Chini ya udongo huo kuna tabaka gumu kama sakafu, hata mizizi ya miti haipenyi. Ndiyo sababu pana majani mafupi tu, na miti ni haba sana. Lakini majani hayo yana madini mengi yamfaayo mnyama anyonyeshaye. Kwa hiyo nyumbu huzalia huko, wengi wao mwezi wa Februari, ndama kwa maelfu siku moja. Mvua zikikoma, mabwawa hukauka, na maji yabakiayo huwa na magadi. Hapo kundi huondoka kuelekea kaskazini-magharibi. Mwezi wa Mei na wa Juni hupita Moru na Seronera, kisha wengi huingia katika ile sehemu nyembamba ya magharibi inayoelekea ziwa Victoria, penye mto Grumeti na mamba wake wakubwa.

Tena huo ndio wakati wa madume kupigania majike. Nyika nzima huvuma kwa sauti zao, mchana na usiku, na dume aliyejipatia kipande chake cha ardhi hukimbia huku na huku akiwafukuza wenzake, hata hana nafasi ya kula. Hesabu yake ni rahisi: mimba ya nyumbu huchukua kama miezi minane na kitu, basi waliochukua mimba mwanzoni mwa Juni watazaa mwezi wa Februari, wakati majani ya kusini ni mabichi. Mwalimu wa elimu ya viumbe hatapata ubao mzuri kuliko huo wa kufundishia.

Wala wasomaji wasidhani kwamba wingi huo ulikuwapo siku zote. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia nchi hizi, ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi wa kutisha, na wafugaji wakapatwa na njaa kubwa. Ugonjwa ule ulikaa miaka mingi. Ng'ombe walipochanjwa katikati ya karne ya 20, ulitoweka pia kati ya wanyama wa mwitu. Nyumbu, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama laki mbili na nusu, walipita milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Haya yafaa watoto waambiwe njiani: sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji ndiyo iliyoijaza mbuga.

Sasa hatutaki kumficha msomaji hasara za wakati huu, maana kila jambo lina pande mbili. Kwanza, mwishoni mwa Mei mvua yaweza kunyesha bado, na ule udongo mweusi wa upande wa magharibi ukilowa hunata kama gundi; motokaa yaweza kulala njiani. Mwenye kuchagua kati ya juma la mwisho la Mei na juma la pili la Juni, na achague Juni. Pili, majani ya katikati ya hifadhi huwa marefu bado, na simba aliyelala humo haonekani upesi kama mwezi wa Septemba. Tatu, nyumbu hawafuati kalenda ya mtu. Mvua ikichelewa kukoma, nao huchelewa kuhama. Ikikoma mapema, huwa wamekwisha kwenda. Basi asiende mtu kwa ajili ya nyumbu peke yao. Simba, tembo, twiga, viboko na chui wa Seronera hukaa huko mwaka mzima.

Faida zake ni hizi: nchi ingali ya kijani, vumbi ni kidogo, hewa ni safi, njia hazijajaa, na mahali pa kulala hupatikana kwa bei ya kadiri kuliko Julai.

Tuje kwenye njia. Atokaye Arusha hupita Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, na lami humfikisha mpaka lango la Ngorongoro. Kutoka hapo hupanda msituni hata ukingo wa kreta, ambao una urefu wa meta kama 2,300 juu ya bahari. Chini yake ni bonde la kilometa za mraba kama 260, lenye kuta za meta kama 600 pande zote, na ndani yake huonekana kifaru, mnyama aliye haba sana siku hizi. Huko juu mwezi wa Juni ni baridi kali usiku na asubuhi; mtoto asiye na sweta atalia. Mbele ya hapo njia hushuka uwandani na kupita karibu na Oldupai, ambako Mary Leakey aliokota fuvu la kale sana mwezi wa Julai 1959. Pana nyumba ya makumbusho, na yafaa kusimama. Kisha ni lango la Naabi, na mwisho Seronera, katikati ya hifadhi. Atokaye Mwanza, Shinyanga au Musoma hana haja ya kuzunguka hivyo. Lango la Ndabaka li karibu na barabara kuu iendayo Musoma, naye huingia moja kwa moja upande wa Grumeti, ambako kundi laweza kuwako mwezi wa Juni.

Tofauti ya njia hizi ni ya fedha pia, na hapa ndipo wengi huhesabu vibaya. Ngorongoro na Serengeti zina mamlaka mbili, kila moja na ada yake. Apitaye Ngorongoro kwenda Serengeti hulipa kwa zote mbili, hata kama hashuki kretani. Na kushuka kretani kuna malipo mengine ya motokaa, tena haikubaliwi ila motokaa yenye nguvu katika magurudumu yote manne. Raia hulipa kwa shilingi, na ada yake ni ndogo sana kuliko ya mgeni. Lakini asiyekuwa na kitambulisho atawezaje kuonyesha kwamba ni raia? Kila mtu mzima na achukue chake. Malipo yafanywe kwa benki au kwa simu kwa namba inayotolewa, wala mtu asitegemee kutoa noti mlangoni. Ada zabadilika, ziulizwe upya katika ofisi zao kabla ya kuwatoza watu michango.

Sasa mpango wenyewe. Siku tatu za usiku zatosha: usiku wa kwanza Karatu, na mbili Seronera. Aliye na siku mbili tu na aache Serengeti, aende Ngorongoro na ziwa Manyara, asije akamaliza likizo yake kwa kuhesabu mashimo ya barabara. Nyumba mbili au tatu zikikodi motokaa moja pamoja, gharama hugawanyika. Kabla ya kutoa fedha, mwenye motokaa aandike katika karatasi mambo haya: bei ni ya siku ngapi, mafuta ni ya nani, ada za motokaa ni za nani, magurudumu ya akiba ni mangapi, na ikiharibika nani ataleta nyingine. Neno la mdomo hupeperuka. Wasioweza hoteli wana viwanja vya hema vya umma pale Seronera. Havina ua, wanyama hupita usiku. Kwa hiyo chakula kisiwekwe hemani, wala mtoto asitoke peke yake gizani.

Nguo ziwe za rangi ya udongo au ya majani makavu. Nyeusi na buluu iliyokoza huvuta mbung'o, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa rangi hizo. Chandarua na dawa ya mbu visisahauliwe. Mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa nchini tangu Juni 2019, tumieni vikapu. Mafuta yajazwe Karatu, au Bunda kwa watokao magharibi, na maji ya kunywa yawe mengi kuliko mnavyodhani yatatosha.

Ndani ya hifadhi sheria ni chache, nazo zina sababu. Mwendo usizidi kilometa 50 kwa saa. Motokaa isitoke njiani, maana alama ya gurudumu katika majani hukaa muda mrefu. Mtu asishuke ila mahali palipoonyeshwa. Usiku ni wa wanyama, si wa kutembea. Na wale Wamasai mtakaowaona wakichunga pale Ngorongoro ni watu walio nyumbani kwao. Asipigwe mtu picha kabla hajaombwa ruhusa, kama nanyi msivyopenda kupigwa picha barazani kwenu na mpita njia.

Walimu, tunawaomba neno moja zaidi. Msiwapeleke watoto kabla ya kuwafundisha. Juma moja darasani, wakichora ramani ya mzunguko wa nyumbu na kuandika majina ya wanyama kwa Kiswahili na kwa lugha za kwao, litazidisha faida ya safari mara nyingi. Mtoto ajuaye kwa nini nyumbu ameondoka kusini atamtazama kwa jicho jingine. Asiyejua ataomba soda.

Watu hutoka ng'ambo, wakavuka bahari mbili, ili waione nchi hii. Si aibu kwao. Ni heshima kwetu. Lakini lingekuwa jambo la kusikitisha kama watoto wa Mara, wa Arusha na wa Simiyu wangekua wakiijua Serengeti kwa picha za wageni tu, hali ng'ombe wa babu zao ndio waliochanjwa, na mashamba ya wazazi wao ndiyo yaliyo mpakani na tembo. Siku moja wao ndio watakaoulizwa kama nchi hiyo ilindwe au iachwe. Afadhali waulizwe wakiwa wameiona.

Basi, wenye nia kwa mwaka ujao waanze Januari kuweka akiba, kidogo kidogo kila mwezi. Machi wakubaliane nani anakwenda na kwa njia ipi. Aprili, mvua zinaponyesha na kambi ni tupu, ndipo waandike kuomba nafasi, maana wakati huo huonyeshwa bei nzuri. Mei waulize hali ya barabara. Na Juni, watoto wakiisha kupokea ripoti zao, waondoke alfajiri.

Tunawatakia safari njema.