Rupia Nne za Soweto West

Wiki hii twawachukua wasomaji wetu mbali na bahari, hadi Soweto West, mojawapo ya vijiji vilivyoshikana vya Kibera jijini Nairobi. Tulitoka Makina baada ya sala ya Alasiri, tukashika vichochoro ambamo mtu hugeuka ubavu ili kumpisha mwenziwe. Jiko la makaa liko kila mlango, taka zachomwa kando ya njia, na mitaro ya maji machafu yapita chini ya miguu ya watoto wanaocheza. Twautaja moshi na mitaro kwa sababu vina sehemu katika habari tuliyoikuta huko.

Mwenyeji wetu ni mjane wa Kinubi aliyehamia kwa bintiye. Wasomaji wetu wengi wajua kwamba wakaaji wa mwanzo wa Kibera walikuwa askari wa Kisudani wa King's African Rifles na jamaa zao, na kwamba jina lenyewe, Kibra, kwa Kinubi ni msitu. Rupia ya India ilikuwa sarafu ya nchi hii hadi mwaka 1920 ilipoletwa florini, na mwaka uliofuata ikaja shilingi. Basi si ajabu kwamba katika kasha la mama huyu mlikuwa na rupia nne za Mfalme George wa Tano, alizorithi kwa nyanya yake.

(Kina mama watapenda kujua kwamba rupia ya kwanza ya mfalme huyo, ya 1911, iliwakera Waislamu wa India. Tembo mdogo aliyechorwa katika vazi la mfalme alionekana kama nguruwe, na mwaka 1912 mchoro ukarekebishwa. Hizi nne ni za baada ya hapo.)

Mjukuu wake alikuwa aingie shule ya sekondari, na karo haikuwa imetimia. Mnunuzi mmoja alikuja, akazigeuza sarafu mkononi, akasema ni chafu. Zisuguliwe kwanza, naye atazinunua kwa mizani. Binti akachukua ndimu, majivu na waya wa kusugulia sufuria, akazisafisha mbili. Mama akamzuia asiziguse mbili zilizobaki. “Sheikh,” alituambia, “huu weusi nimeukuta, na nyanya yangu hakuwa mchafu.”

Mama alikuwa na haki. Weusi wa fedha si uchafu. Hewani mna gesi za salfa, zitokazo katika moshi wa makaa ya mawe, katika taka zinazooza na katika mitaro kama ile tuliyoivuka. Gesi hizo hushikana na madini ya fedha yakafanya utando mwembamba mno. Utando ukiwa mchanga, sarafu huwa na rangi ya asali. Ukizidi, hugeuka wekundu wa zambarau, kisha buluu, na mwisho kijivu cheusi. Si kwamba sarafu imepakwa rangi: ni mwanga unaovunjika katika utando, kama uvunjikavyo juu ya tone la mafuta ya taa lililoanguka kwenye dimbwi. Mojawapo ya zile mbili ilikuwa na duara la dhahabu na buluu ukingoni, na uso wa mfalme katikati ukiwa mweupe bado. Tuliigeuza mlangoni mara kadhaa kwa furaha tu ya kuitazama.

Wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya na Marekani huzipima kwa daraja za 1 hadi 70, kipimo kilichoasisiwa na Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Kinachotazamwa kwanza ni kulika kwa sarafu: nywele za mfalme zingalipo, au zimefutwa na vidole? Hutazamwa pia mng'aro wake wa asili na mvuto wake machoni, na hapo ndipo rangi ya ukongwe huingia. Rangi nzuri iliyojijia yenyewe yaweza kuipandisha bei mara nyingi. Weusi mzito uliokwisha kuula uso wa sarafu huishusha. Lakini sarafu iliyosuguliwa hunyimwa daraja kamili, na huandikwa tu kwamba imesafishwa. Zile mbili za binti zilikuwa nyeupe kama sufuria mpya, zimejaa mikwaruzo midogo yote ikielekea upande mmoja, na mwanga haukuzunguka tena juu yake. Hata dawa za asidi zinazouzwa kwa kazi hiyo huondoka na ngozi ya sarafu pamoja na weusi.

Wako pia wanaozichoma au kuzifukiza salfa ili zipate rangi kwa siku moja, kisha wakaziuza kama za kale. Hilo ni ghushi. Muuzaji anayeficha aibu ya bidhaa na anayeibandika sifa isiyo yake, hukumu yao ni moja, na mnunuzi ana haki ya kurudisha.

Mama aliuliza kama zina zaka. Rupia moja ina gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 sehemu 917 ni fedha safi. Nisabu ya fedha ikihesabiwa gramu 595, zahitajika rupia 56 hivi. Kwa asiyefanya biashara ya sarafu, kinachohesabiwa ni uzito. Uzuri wa rangi hauingii.

Tulipozitazama tena tuliona mstari mweusi umekata uso wa moja: zilikuwa zimefungwa kwa mpira, na mpira una salfa. Sufi nayo ina salfa, na maboksi mengi ya karatasi pia. Binti aliukata ule mpira, akazifunika zile mbili za rangi kwa kitambaa safi cha pamba, kila moja peke yake, akazitia katika chupa ya kioo yenye kifuniko. Zile mbili nyeupe zitakwenda kwa sonara, kwa mizani, na karo iliyosalia jamaa wa Makina wameahidi kuichangia baada ya Ijumaa.