Debe Lenye Tumbo

Nilipokuwa mtoto huko Butiama, mama alivuna mtama, akaniamuru niupime. Nikauchota kwa debe letu, nikasawazisha kinywa chake kwa kijiti, nikahesabu madebe 10 kamili. Tukautia katika magunia, tukaupeleka Bunda sokoni kwa lori. Mnunuzi akaupima kwa debe lake mwenyewe, akasema, "Mama, ni madebe 9, na hayo mabaki ni ya kujaza kibuyu tu." Mama akanitazama kwa huzuni. Alidhani ya kuwa nimekosa hesabu. Nami sikuwa na neno la kujitetea, na fedha ya debe lililopotea ndiyo ingeninunulia madaftari.

Mwaka uliofuata nikaenda kusoma Musoma. Mwalimu akatuonyesha kisanduku ambacho urefu, upana na kimo chake vilikuwa sentimita 10. "Hiki hubeba lita moja," akasema, "na maji yake yana uzito wa kilo moja. Visanduku 20 hujaza debe letu. Madebe 10 hujaza pipa la lita 200. Na mapipa 5 hujaza sanduku lenye mita moja kila upande." Tangu siku ile, nikisikia lita 1,000, naona mapipa 5 yamesimama ufukoni mwa ziwa.

Nikarudi nyumbani wakati wa mavuno, nikatwaa chupa ya lita moja. Debe letu lilijaa kwa chupa 20. Tulipofika Bunda, nikamwomba mnunuzi yule kwa adabu nipime debe lake kwa maji. Watu walikuwa wengi, akaona haya kukataa. Mbavu za debe lile zilikuwa zimegongwa kwa ndani hata zikatokeza nje kama tumbo; likameza chupa 22.

Nikamweleza mama, "Madebe 9 ya lita 22 ni lita 198. Ongeza lita 2 za mabaki, utapata lita 200, yaani madebe yetu 10."

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hukukosa."

Wasomaji wangu, haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba na haba humpunja mkulima pia. Jicho peke yake halikuziona lita 2 zile. Basi pimeni vikombe, vibuyu na ndoo za nyumbani kwenu, mjue kila kimoja hubeba kiasi gani. Ajuaye kipimo chake hadhulumiwi kwa urahisi, wala yeye hamdhulumu mwenziwe kwa kutojua.