Nesi Wenu, Sehemu ya 7: Kikombe Nilichoficha Leba

Leo sikuletei somo la kliniki. Nakusimulia jambo nililokaa nalo kifuani miaka mingi.

Alhamisi iliyopita jumuiya yetu hapa Lemara ilikutana sebuleni kwa jirani. Baada ya neno, mzee wa kanisa akauliza: Mkristo anaruhusiwa kutumia dawa za kienyeji? Tukajibu kwa sauti moja kama watoto wa Sunday school: hapana, ni ushirikina!

Akatabasamu. "Haya. Mwaka 2011 nani hapa hakwenda Loliondo?"

Kimya. Halafu vicheko.

Kama ulikuwa mdogo, muulize mama yako. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, yule tuliyemwita Babu, alisema Mungu amemwonyesha dawa ndotoni. Ni mizizi ya mti wa mugariga, ikichemshwa. Kijiji cha Samunge kikajaa magari, foleni ya kilomita na kilomita, kikombe shilingi 500. Hata askofu wetu wa wakati ule, Thomas Laizer, alimuunga mkono. Mimi nilikuwa nasoma uuguzi. Niliona watu wakirudi na furaha, wanaacha dawa za virusi na za kisukari, halafu wengine wanaletwa wodini wamezidiwa.

Mzee akaendelea: "Kwa hiyo dawa ikitoka kwa mchungaji ni muujiza, ikitoka kwa bibi ni ushirikina?"

Jamani, hapo nilishindwa kunyamaza.

Mimba yangu ya kwanza, uchungu ulipoanza, mama mkwe alinipa kikombe cha dawa ya kuharakisha. Mimi, nesi mwenye diploma, nilikunywa. Nilimheshimu, na niliogopa kuonekana nadharau wazee. Nilipofika leba wakaniuliza kama nimetumia dawa yoyote, nikasema hapana. Kanisani ningeitwa mshirikina, na wenzangu wa kazini wangenicheka. Uchungu ukaja bila kupumzika, pigo juu ya pigo. Mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka. Walipokuja na dripu ya kuongeza uchungu nikapata akili, nikapiga kelele: nimekunywa dawa! Wakaiondoa. Mtoto alizaliwa amechoka, hakulia mpaka aliposaidiwa kupumua. Siwezi kuapa kwamba ni ile dawa. Ninachojua ni kwamba uongo wangu nusura umwongezee mzigo.

Sebuleni palikuwa kimya. Bibi mmoja akasema taratibu, "Mwanangu, sisi hatukutaka kuwaua. Zamani hospitali ilikuwa mbali." Kweli kabisa. Na bibi hao hao ndio waliotufundisha mzazi apumzike, anyweshwe mtori, asiachwe peke yake. Hizo mila nani azitupe?

Mwalimu kijana akakumbusha kwamba Yesu aliponya watu siku ya Sabato, wakubwa wakakasirika. Desturi haikuwa mbaya, ila mgonjwa alitangulia. Nikaona hicho ndicho kipimo chetu. Badala ya kuuliza tu "hii ni ya kizungu au ya kienyeji?", tuulize inamfanya nini mama, inamfanya nini mtoto.

Mtori umepita. Dawa ya uchungu imeshindwa, kwa sababu hakuna anayejua kipimo chake. Inaweza kukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi, mtoto akakosa hewa, hata mfuko ukapasuka. Kama una kovu la upasuaji, hatari ni kubwa zaidi.

Wengine hawakukubaliana nami, na tuliagana vizuri tu. Lakini nimejifunza kitu: tukikemea mila kwa ukali, watu hawaziachi, wanazificha. Siri hiyo ndiyo inayotufikia leba saa nane usiku.

Kwa hiyo mama, usinywe. Lakini kama umeshakunywa, sema ukifika tu mlangoni. Sema hata kama nesi atakununia. Nesi mwenzangu unayesoma hapa, usimnunie. Na wewe mama mkwe, tunakuhitaji: njoo na chupa ya mtori, kaa naye karibu, mshike mkono.

Sehemu ijayo tutaongelea kitovu cha mtoto na yale tunayopaka. Usiku mwema kutoka Lemara.