Fimbo Mbili



Wiki hii twawaomba radhi wasomaji wetu, hususan akina mama, kwa kuwapeleka mahali ambapo kalamu hii haijapata kuwapeleka: kwenye meza ya puli. Bila shaka mwaijua, hata kama hamjaisogelea. Ni ile meza ya kitambaa cha kijani na mifuko sita, iliyowekwa chini ya paa la mabati, vijana wameizunguka na sarafu zimepangwa ukingoni kungoja zamu. Hapa kwetu Likoni zipo. Ukivuka Daraja la Nyali kwenda Kisauni utazikuta, na Changamwe nako hazikosekani. Wazee huzipita huku wakitazama mbele, wakisema moyoni kwamba hapo si pahala pa mtoto wa watu.

Sisi nasi tulisema hivyo kwa miaka mingi, mpaka tulipoambiwa kwamba kijana wetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka 17, yuko hapo kila alasiri, saa ambayo tulimdhani yuko chuoni akidurusu.

Yatupasa kusimulia yaliyotangulia, ingawa si ya kujivunia. Miezi sita kabla ya habari hiyo, tulimpiga kijana huyo mbele ya wenzake kwa kuchelewa darasa. Sisi tulisomeshwa katika zama ambazo bakora ilikuwa sehemu ya masomo, tukawa walimu kwa mkono ule ule tuliourithi. Lakini siku ile kosa halikuwa la kijana. Tulikuwa tumetoka kugombana na mtu kwa jambo la mali, na hasira tukaja nayo darasani. Mkono uliinuka kabla akili haijafika, ufito ukampata karibu na jicho. Hakulia. Aliufunga msahafu, akaurejesha mahali pake kwa adabu, akatoka. Tangu siku hiyo alituamkia kila asubuhi na kuitika kila alipoitwa, lakini mazungumzo yalikwisha.

Basi tulipopata habari ya meza, tulivaa kanzu kwa haraka tukaelekea mlangoni. Mama watoto alikuwa akipepeta mchele. Hakuinua uso. Alisema tu, "Mwalimu, ukienda, nenda mikono mitupu."

Twakiri kwamba ufito ulikuwa mkononi. Tukauacha nyuma ya mlango.

Tulipofika, vijana waliinuka kutuamkia, na mwenye meza, mtu wa makamo yetu aliyepata kuwa mchukuzi bandarini, akatuvutia kiti. Swali letu la kwanza lilikuwa la kamari. Akatuapia kwamba mezani pake hapawekwi dau, ila desturi ni kuwa aliyeshindwa ndiye alipaye sarafu ya mchezo. Tukamwambia kwamba hilo nalo lina harufu ya maisiri, ambayo Mwenyezi Mungu ameiharimisha pamoja na ulevi katika Suratul Maida, aya ya 90, na kwamba lililo salama ni kila mchezaji kutoa sehemu yake kabla mchezo haujaanza. Alifikiri kidogo, akasema, "Hilo ni jepesi, shekhe," na tangu siku hiyo ndivyo wafanyavyo.

Kisha tukamtazama kijana wetu. Alikuwa ameinama, kidevu kikikaribia kuigusa fimbo. Mkono wa kushoto ulitandazwa juu ya kitambaa, kidole gumba kimeinuka, na fimbo ikapita baina yake na kiganja kama maji mferejini. Bega halikutikisika. Kilichosogea ni mkono wa kulia tu, kuanzia kiwiko kwenda chini, ukibembea mbele na nyuma. Aliipeleka fimbo mara mbili bila kuugusa mpira. Mara ya tatu akaivuta nyuma polepole, akasita kidogo, kisha akaiachilia. Mpira mweupe ukaugonga mwenziwe, mwenziwe akazama mfukoni, na ule mweupe ukarudi nyuma taratibu ukasimama pale alipoutaka. Naye alibaki ameinama mpaka kila kitu kilipotulia. Hatukuwa tumepata kuuona utulivu ule darasani kwetu.

Mwenye meza akacheka, "Jaribu nawe, shekhe." Vijana wakanyamaza. Tukaishika fimbo na kulenga, na wakati wa kupiga tukaikaza kwa vidole vyote vitano. Ncha iliteleza, mpira ukaenda pembeni kama mlevi. Mara ya pili ukawa vivyo hivyo.

Hapo kijana wetu akaja ubavuni petu. "Usiibane, baba," akasema.

Yalikuwa maneno mawili, nasi tulikuwa tumeyangoja miezi sita.

Alituzindua vidole kimoja kimoja. Akatueleza kwamba fimbo hushikwa kama kifaranga: ukilegeza mno ataruka, ukikaza utamuua. Kwamba anayejifunza huharibu pale mwisho, mkono unapokurupuka kwa kutaka nguvu, na kichwa kinapoinuka kabla ya wakati ili kutazama matokeo. Nguvu, alisema, haitoki katika kushtua. Hutoka katika mwendo ulionyooka, unaoongezeka kidogo kidogo na kuupita mpira bila kukatika. Kisha akalaza mezani chupa tupu ya soda, akatutaka tuipeleke fimbo shingoni mwa chupa na kuirudisha bila kugusa kioo. Kila mkono ulipotetema, chupa ililia. Ililia sana.

Akatuonyesha pia kipande cha ngozi kwenye ncha ya fimbo. Baadaye tulisoma habari yake. Zamani ncha ilikuwa mbao tupu, na ukiupiga mpira nje ya kati ilikuwa rahisi kuteleza. Anayetajwa kuitia ngozi ni François Mingaud, afisa wa jeshi la Ufaransa aliyefungwa gerezani Paris mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa ulaini ule ncha ikashika, na mpira ukaweza kuamrishwa kwenda mbele, kusimama au kurudi. Kilicholainishwa ndicho kilichotawala.

"Ukifika mwisho wa kuvuta, sita," kijana wetu akaendelea. "Hapo ndipo unapoamua."

Tukaiweka fimbo chini. Tukamwambia, mbele ya wale wale ambao baadhi yao walikuwapo darasani, "Siku ile hatukusita, mwanangu. Tulikukosea. Tusamehe."

Alichukua chaki akaisugua kwenye ncha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nimekusamehe, baba," akasema, bila kutuangalia.

Ndugu zetu, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimsifu Ashajji wa Abdul-Qais kwa mambo mawili ayapendayo Mwenyezi Mungu: upole, na kutokuwa na pupa. Tumeisomesha hadithi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, nasi tumeshika ufito mkononi. Kifungu cha 29 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 nacho kinamkinga kila mtu na adhabu ya viboko. Tulikijua, tukadhani kinawahusu walimu wengine. Sasa chuoni kwetu bakora haitumiki tena.

Kwa akina mama wanaotuuliza kuhusu meza hizi, hatusemi kwamba kila meza ni salama. Ulizeni mambo matatu: je, pana dau? Je, adhana ikilia mchezo husimama? Je, mwanenu yuko na nani? Jibu likiwa baya, mzuieni, na mzuieni kwa maneno. Likiwa jema, basi nendeni mkatazame walau mara moja kabla ya kuhukumu. Sisi tumekubaliana na kijana wetu: siku za chuo ni za chuo, na alasiri ya Jumamosi ni ya meza. Amerudi darasani, na huketi safu ya mbele.

Na ule ufito wa nyuma ya mlango haukutupwa. Baada ya Isha huilaza chupa ya soda juu ya meza ya chakula, tukaupitisha ufito shingoni mwake, huku kijana wetu akihesabu na mama yake akicheka. Tumefika mara tisa. Ya kumi, chupa bado hulia.

Wabillahi tawfiq.