Wino Haufutiki

Wapo wanaodhani kwamba kuchora watu mitaani kwa kalamu ya wino ni shughuli ya mtu asiye na kazi. Mimi naiona kuwa njia mojawapo ya kujifunza kumtazama mwenzako. Anayechora kwa penseli ana kifutio. Pua ikienda upande, huifuta. Wino haufutiki. Kwa hiyo kabla ya kuweka mstari mmoja, sharti utazame mara mbili, mara tatu.

Hapa Ilembo, mjini Mpanda, vya kutazama havikosi. Vijana wa bodaboda wameegemea pikipiki zao wakingoja abiria; akina mama wamepanga mafungu ya dagaa wa Ziwa Tanganyika; wapiga soga wamejazana kibarazani. Hakuna anayetulia dakika mbili, hivyo mchoraji hulazimika kutumia mistari michache.

Uchache huo wa mistari tuliuona kwa waliotutangulia. Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986, aliwachekesha wasomaji wa jarida la Sani. Wasomaji waliwaona majirani zao katika vibonzo hivyo, wakacheka. Lakini Chakubanga hawezi kuja kwako kulalamika. Rafiki anaweza, maana uso ni wake, na karatasi ataidai aione.

Rafiki yangu mmoja ni fundi viatu. Mguu wake wa kushoto ulipooza kwa polio tangu utotoni, naye hutembelea magongo. Siku moja nilikuwa namchora, mteja aliyesimama nyuma yangu akaninong'oneza, "Ndugu yangu, huo mguu uache, utamwaibisha mwenzio." Sijajibu bado, fundi akasema bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu alichokuwa akishona, "Uchore, kaka. Ukiuacha, utakuwa umemchora mtu mwingine."

Niliuchora kama ulivyo, na magongo yakiwa yameegemezwa ukutani.

Mteja yule hakuwa na nia mbaya. Hata hivyo, huruma inayomficha mtu bila kumwuliza humnyima nafasi yake miongoni mwa watu. Kadhalika dhihaka, inayokuza kasoro moja mpaka mtu mzima akapotea. Kati ya hayo mawili ndipo kalamu inapopaswa kupita, na njia yake ni nyembamba. Ndiyo maana siku hizi huuliza kwanza. Uso una mwenyewe. Mchoraji huazima tu.